Kioo Kizito cha Ndambiri

Ukitaka kugombana na Ndambiri, mpelekee lenzi ya plastiki umwambie ni kioo. Ataichukua kwa vidole viwili, aibandike shavuni, afumbe macho kidogo kama anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha akurudishie. "Hii haina baridi," atakwambia. "Kioo iko na baridi hata saa saba mchana." Halafu, kwa kuwa hawezi kujizuia, ataongeza ule mzaha wake ambao mji mzima wa Embu umeuchoka: "Serikali ilikataza mifuko ya plastiki, nyinyi mkaitoa sokoni mkavaa kwa macho."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, tuseme, hadi mwaka jana. Siku hizi huo mzaha hausemi.

Ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na miwili amekaa kwenye kichochoro kilicho kati ya duka la mbegu na dawa za mifugo na chumba cha kupigia fotokopi. Ana meza moja, viti viwili, jiwe la kusagia linalozungushwa na mota kuukuu, na juu ya jiwe mkebe wa rangi uliotobolewa tundu dogo ili maji yadondoke tone baada ya tone na kioo kisipate moto. Zamani watu walimjia kutoka Siakago na Runyenjes, na wengine walishuka kutoka Chuka, kwa sababu kati ya Nairobi na Meru hakukuwa na mkono mwingine wa kukata kioo cha miwani kikakaa kwenye fremu kama kilizaliwa humo. Sasa anakaza skrubu zilizolegea na kubadilisha vile vidude laini vya puani. Ng'ambo ya barabara kuna kijana aitwaye Mugambi mwenye mashine inayokata plastiki yenyewe huku yeye akichezea simu, na foleni iko huko.

Ujuzi wake Ndambiri aliupata Nairobi, kwa fundi mzee wa Kihindi aliyekuwa na karakana eneo la viwanda. Siku ya kwanza kabisa mzee yule alimwambia anyooshe mikono yote miwili, akamwekea kila kiganjani kipande cha kioo, vyote vya ukubwa mmoja. Mkono wa kulia ukashuka. "Hicho kina risasi," mzee akamwambia, "ile risasi ya madini, imeyeyushwa pamoja na mchanga." Ndambiri akaamini tangu siku hiyo kwamba dunia ina vioo viwili tu. Kuna kioo chepesi, cha kawaida, kigumu, ambacho mwanga hupita ndani yake kwa adabu na kutoka upande wa pili ukiwa mmoja kama ulivyoingia. Hicho kinamtosha mtu ambaye nguvu ya miwani yake ni nambari mbili au tatu. Lakini mtu wa nambari kumi na tano ukimkatia kioo hicho, ukingo wake utakuwa mnene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Huyo anahitaji kile kizito, chenye risasi, kwa sababu kinaupinda mwanga kwa nguvu, na hata kikiwa chembamba kinafanya kazi.

Kizito nacho kina tabia zake. Ni laini, kinakwaruzika upesi. Ukikisaga bila maji kinapasuka. Na kibaya zaidi, kinautawanya mwanga: ukitazama kupitia ukingoni mwake, kila kitu kinapata mstari wa rangi, bluu huku na manjano kule. Wanaotengeneza darubini na kamera waligundua dawa yake zamani. Wanakibandika kizito pamoja na chepesi, na rangi ambazo kimoja kinatawanya, mwenzake anazikusanya. Kwenye miwani hakuna mwenzake. Kizito kinakaa peke yake, na rangi zinabaki pale pembeni.

"Mteja akilalamika kuhusu rangi umwambie nini?" Ndambiri aliuliza.

"Mwambie atazoea," mzee akajibu. Na kweli wote walizoea.

Mama yake Ndambiri aliitwa Wawira. Alikuwa mwanamke aliyetembea akipapasa ukuta, akimimina chai nje ya kikombe, na mwishoni akawa haoni kabisa. Watu walisema ni moshi wa jikoni. Basi Ndambiri na mkewe Regina walipopata binti wa kwanza, wakampa jina la nyanyake kama desturi inavyotaka, na baba mtu akawa anamwita mtoto wake Mama, kama wanaume wengi wa huku wanavyofanya. Ikabainika kwamba mtoto alikuwa amerithi jina pamoja na macho. La kushoto halikujifunza kuona kamwe. La kulia lilikuwa nambari kumi na nane.

Darasa la kwanza mwalimu alisema Wawira ni mzito wa kichwa. Ndambiri hakubishana. Alishinda siku tatu kwenye jiwe lake, akatoka na miwani midogo ya kioo kizito, akamvisha mtoto nje ya nyumba, chini ya mti wa makadamia. Wawira akatazama juu. "Kumbe majani yako moja moja," akasema. Ndambiri alilia siku hiyo, na hakuona haya kulia. Kipande kilichobaki cha kile kioo alikifunga kwa uzi akakitundika dirishani, na kila asubuhi jua likipanda rangi zilitua ukutani juu ya kalenda ya kanisa. Mtoto alikuwa akiweka mkono wake ndani ya zile rangi kabla ya kunywa uji. Aliziita upinde wake, kama ule wa mvua.

Wawira alisoma, akamaliza chuo cha ualimu, na Januari ya mwaka jana akapata kazi katika shule moja ya msingi karibu na Nkubu. Ndambiri akafungua mtoto wa meza, akatoa kitambaa cha flana, na ndani yake kulikuwa na kioo kizito cha mwisho alichokuwa nacho. Hakuna duka linaloleta vioo hivyo tena. Alikuwa amekihifadhi miaka tisa akingojea siku kama hiyo.

Mugambi alimwona akikiosha, akavuka barabara. "Mzee, siku hizi kuna plastiki nyembamba ya kuagiza. Hata kwa hizo nambari kubwa. Nyepesi kabisa. Nimwagizie?"

Ndambiri akamjibu kwa ule mzaha wa mifuko. Mugambi akacheka kwa heshima, akarudi kwake.

Jicho la kulia Ndambiri akaliwekea kile kizito, na la kushoto akaliwekea kioo cha kawaida kinene, ili uzito ulingane. Wawira akaenda nayo Nkubu, na asubuhi ya kwanza akampigia babake simu kumwambia kwamba mawingu yameondoka mlimani na anaona theluji. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi. Kwa wiki nzima Ndambiri aliwaambia wateja, hata wale waliokuja kukaza skrubu tu.

Mwezi wa tatu Wawira alikuja nyumbani Jumamosi, akapitia kichochoroni kwa babake.

"Baba, kuna rangi inakuja hapa pembeni. Kama mtu anawasha kiberiti halafu anazima."

Ndambiri akatabasamu. "Ni upinde wako umerudi, Mama. Hii kioo ni nzito kushinda ile ya kwanza. Hiyo ndio tabia yake."

"Inakuja sana lakini."

"Utazoea."

Hata hivyo hakumwacha hivihivi. Alitia vitone vya wino kwenye kioo, akapima, akaona kwamba kitovu cha kioo kilikuwa kimekwenda nje kwa unywele mmoja. Akakipunguza upande, akakihamishia kwenye fremu ndogo zaidi, kitovu kikakaa mbele ya mboni sawasawa. Ni kazi ambayo mashine ya Mugambi haiwezi. Wawira akavaa, akashukuru, akaondoka.

Baada ya wiki mbili akarudi. Sasa kulikuwa na masizi. Vitu vyeusi vidogovidogo, akasema, vinaelea, ukivifuata vinakimbia. Ndambiri akaipeleka miwani juani, akaigeuza huku na huku, akakuta mikwaruzo miwili myembamba. Akafurahi kuikuta. Kosa likionekana, fundi anapumua. Akachukua unga wake mwekundu wa kung'arishia vioo na kipande cha sufi, akapolisha tangu asubuhi hadi saa tisa, bila kula.

Regina alimletea githeri kwenye bakuli, akaikuta ile chai ya saa nne bado haijaguswa. "Baba Wawira," akasema, "mpeleke mtoto hospitali ya macho."

"Wakapime nini? Si mimi ndio nilimtengenezea? Kama iko na shida, shida iko hapa mkononi kwangu."

Wawira alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anasikia yote. Miaka ishirini alikuwa ameona dunia kwa mikono ya babake. Hakuna daktari ambaye angemwamini zaidi ya huyo, na mimi ninayesimulia hapa ndipo moyo unaponiuma kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hadi hapo muda ulikuwa bado upo.

Mara ya tatu hakungoja wiki mbili. Alikuja Jumamosi iliyofuata, akasema kuna kivuli kinapanda kutoka chini, karibu na pua, kama mtu ameinua leso. Ndambiri akaitazama fremu, akaona ukingo wake wa chini ni mnene. Jibu lilikuwa hilo. Akatoa kioo, akakitia mfereji mwembamba ukingoni, akakishikilia chini kwa uzi wa nailoni badala ya chuma. Ilimchukua siku nzima na jasho lote, kwa kuwa kioo kizito hakipendi kuchimbwa ukingo; mkono ukitetemeka mara moja kinamong'onyoka. Hakikumong'onyoka. Alipomvisha, aliyatazama macho ya binti yake kupitia kile kioo, yakaonekana madogo na ya mbali, kama yalivyoonekana siku zote.

"Sasa?"

"Iko afadhali kidogo, baba," Wawira akasema. Haikuwa afadhali. Alisema hivyo kwa sababu alimwona babake amechoka.

Jumatatu, darasani, Wawira alimwita Runji, mtoto wa dawati la mbele, asimame asome. Runji akasimama. Wawira alisikia sauti na kuona nywele. Uso haukuwepo. Akainamisha kichwa, akakiinua, akavua miwani na kuivaa tena, na uso haukurudi. Akawaambia watoto wachore nyumba zao, akaenda kwa mwalimu mkuu, mama mmoja aitwaye Eunice, akamwambia, "Madam, sioni nusu." Eunice ndiye aliyemshika mkono hadi kwenye kliniki ya macho Embu, na ndiye aliyempigia Ndambiri simu.

Ndambiri alifika mbio. Mfukoni alikuwa na bisibisi ndogo na kichupa cha wino.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimsikiliza Wawira akieleza yote tangu ule mwanga wa kiberiti, akamtia dawa ya macho, akangoja, akamulika kwa muda mrefu. Kisha akazima taa yake, akauliza.

"Hizo taa za pembeni, ukivua miwani ulikuwa unaziona?"

"Ndiyo," Wawira akasema.

"Na ukifumba macho?"

"Ndiyo. Hata stima ikienda, nikiwa kwa giza."

Ndambiri alikuwa ameishika ile miwani. Alisikia yale majibu mawili na kuyaelewa kabla daktari hajaeleza lolote, kwa sababu kioo alikijua. Kioo hakiwezi kuleta rangi kwa mtu ambaye hajakivaa. Kioo hakiwezi kuwasha kiberiti gizani, pasipo na mwanga wa kutawanya. Wiki tatu nzima alikuwa amehamisha kitovu, amepolisha, amechimba mfereji, na hakuwahi kumwambia mtoto wake avue miwani kwanza aone. Fundi yeyote wa kitu chochote huanza kwa kukiondoa kile anachokishuku. Yeye hakukiondoa, kwa sababu alikipenda.

Daktari alieleza polepole. Jicho la namna hii ni refu kuliko macho mengine, na ule utando wa nyuma unaopokea picha umevutika ukawa mwembamba. Ulikuwa umechanika. Taa ni utando ukivutwa. Masizi ni damu. Kivuli ni utando ukibanduka. "Angekuja wakati wa zile taa," akasema, "tungeuzungushia leza mahali pale ulipochanika. Ni dakika chache, anarudi nyumbani siku hiyohiyo." Sasa ulikuwa umebanduka hata katikati. Nairobi wangejaribu.

"Na kioo?" Ndambiri akauliza. Sijui alitaka kusikia nini. "Kioo iko na makosa?"

Daktari, kwa huruma tu, akaichukua miwani akaiweka kwenye mashine yake ya kupimia. Akatazama, akazungusha, akatazama tena. "Haina kosa hata kidogo, mzee," akasema. "Nani alikata? Ni kazi safi sana."

Nairobi walijaribu mara mbili. Mara ya kwanza utando ukashika, na Wawira akalala kifudifudi majuma mawili kama alivyoagizwa, Regina akimlisha kwa kijiko kando ya kitanda. Kisha ukabanduka tena. Mara ya pili haukushika kabisa, na wale madaktari, waliofanya kila walichoweza, wakasema wasimchoshe mtoto bure. Mwezi wa nane Wawira alikuwa bado anajua dirisha liko upande gani. Mwezi wa kumi hata dirisha likaondoka.

Regina alisema "Nilikuambia" mara moja tu, jikoni, akiwa amempa mgongo, na hakurudia. Ndambiri analisikia neno hilo hadi leo. Anachosikia zaidi ni kile kiganja kikipita ukutani asubuhi, kutoka chumbani hadi jikoni, mkwaruzo uleule aliousikia utotoni wakati mwenye jina alipokuwa hai. Amejikuta mara mbili akijibu, "Naam, mama," kama mtoto, kisha akakumbuka ni Mama yupi.

Siku moja akajikaza akamwuliza. "Kwa nini hukuniambia ulikuwa unaona hizo taa hata ukivua?"

Wawira alikuwa akichambua maharagwe kwa vidole. Hakuwa na hasira. "Hukuniuliza, baba. Ulisema ni kioo."

Wiki hiyo Ndambiri alikikata uzi kile kipande cha dirishani akakitupa chooni. Hata mwezi haukuisha, Wawira akamwuliza asubuhi, uji ukiwa mkononi, "Ule upinde bado unakuja hapo kwa kalenda?" Ndambiri akautazama ukuta mtupu. "Unakuja," akasema.

Miwani Wawira aliendelea kuivaa. Kila asubuhi Ndambiri aliiosha kwa maji ya sabuni, akaikausha kwa flana, akaipulizia, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga kuhakikisha haina doa, kisha akamkabidhi. Wawira aliipokea na kusema asante. Hakuna kati yao aliyetaja kwamba ilikuwa kazi ya bure. Ilikuwa ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo ya kumfanyia, na alifanya hivyo hadi karibu na Krismasi.

"Baba," Wawira akamwambia, "hii miwani inaniumiza pua. Ni nzito. Sitaki kukaa bila, wageni wakija wanakodolea macho yangu. Niwekee kitu nyepesi tu."

Ndambiri akavuka barabara. Hakuwahi kuivuka kwenda upande ule kutafuta kitu. Foleni ilikuwepo, naye akapanga kama wengine. Zamu yake ilipofika, Mugambi akasimama kabisa.

"Nataka plastiki," Ndambiri akasema. "Mbili. Bila nambari."

Mugambi hakutania, na hakuuliza ni za nani. Alitafuta zilizo safi zaidi, akazifunga kwa karatasi, na akamwuliza kama amkatie kwa mashine.

"Hapana. Nitakata mwenyewe."

Alirudi kwenye jiwe lake. Plastiki haikulia. Ilitoa ute mweupe uliojikunja pembeni, na kabla mkebe haujadondosha matone mengi kazi ikawa imekwisha. Kioo kizito kilimla siku tatu. Hii hata kikombe cha chai hakikupoa. Kwa mazoea akaiweka shavuni. Haikuwa na baridi. Akaitia kwenye fremu, akafunga mapema, akapanda nyumbani.

Wawira alivaa, akatikisa kichwa kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akatabasamu. "Ni nyepesi! Sisikii hata kama nimevaa. Hii ndio plastiki ulikuwa unakataa?"

"Ndiyo hiyo."

"Na hii nayo huwa inaleta rangi pembeni?"

"Hapana. Kidogo sana, si ya mtu kuona."

Neno lilikuwa limeshatoka alipolielewa. Binti aliyevaa plastiki angeona taa pembeni, na hakuna mtu duniani, hata babake, ambaye angemwambia ni kioo; angepelekwa kwa daktari muda ukiwa bado upo. Alimtazama Wawira akiomba asiwe amelisikia. Mkono wa Wawira ulikuwa umesimama kwenye fremu.

Akaushusha, akautafuta ukuta, akaupata.

"Sawa, baba," akasema. "Nitazoea."